Mtoto anavua sweta njiani asubuhi ya baridi: nimlazimishe au nimwache?

Mama Somoe, Newala
Jumatano, saa 3 usiku

Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri, hasa kwa mliolea, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi nimebaki katikati.

Naishi Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Watu wa mbali wakisikia mkoa wa Mtwara wanawaza jua na bahari. Sisi mwezi wa saba tunaamka na ukungu, mkorosho wa pili kutoka mlangoni huuoni. Leo saa 12 na robo asubuhi simu yangu ilionyesha nyuzi 16, na umande ulikuwa unadondoka kutoka kwenye bati utadhani mvua imepita. Shule ndiyo kwanza zimefunguliwa baada ya likizo ya mwezi wa sita, kwa hiyo watoto wanarudi darasani kipupwe kikiwa kimekolea.

Nina watoto watatu. Wa kati ni wa kiume, ana miaka 10, yuko darasa la nne. Huyu hataki sweta. Simwiti mkaidi, kwa sababu mambo mengine ananisikiliza kuliko hata dada yake. Ukimtuma dukani anakwenda, ukimwambia aogeshe mdogo wake anaogesha. Ila sweta, hapana. Asubuhi namvalisha kwa mikono yangu na anatoka nayo. Akifika kwenye mwembe wa njia panda anaivua na kuitia kwenye begi, kisha anaingia shuleni na shati la mikono mifupi na kaptula.

Habari hizi nilipewa na mama mmoja anayeuza vitumbua pale njia panda. Aliniambia, "Mama Somoe, mwanao kila siku anapita hapa na kishati tu, meno yanamgongana. Sweta humnunulii?" Neno lile liliniingia. Sweta nimeinunua mwenyewe, mtumba mzuri wa bluu, shilingi 3,500, na nyie wakulima wenzangu mnajua mwezi wa saba shilingi 3,500 inatoka wapi.

Nilipomuuliza akanijibu neno moja, "Inaniwasha." Nikaigeuza ndani nje, nikaipitisha shavuni kwangu, nikaona laini kabisa. Nikamwambia hakuna kinachowasha hapa, vaa. Kesho yake akavua tena. Siku ya tatu nilimchapa fimbo mbili za miguuni. Hakulia. Alivaa, akaenda, na kwa mwembe akaivua. Tangu asubuhi ile sina raha.

Sasa wiki hii ameanza kukohoa. Ni kikohozi kikavu, kinamshika alfajiri na usiku. Homa hana, chakula anakula. Mama mkwe anasema baridi imeshamwingia kifuani na mwenye makosa ni mimi ninayemchekea. Baba yake anasema mwache, mtoto wa kiume mwili utazoea. Mimi nataka kujua kwa mliopitia haya: mtoto wa umri huu akichagua kwenda shule na nguo nyepesi kwenye baridi, unamlazimisha au unamwacha? Na hicho kikohozi ni cha baridi kweli?


Mzee wa Shangani, Mtwara mjini
Jumatano, saa 4 usiku

Binti yangu, pole. Nimelea, sasa nina wajukuu tisa, nami nitasema ninavyoona. Mtoto wa miaka 10 hajui kipimo cha baridi. Yeye akishaanza kukimbia na wenzake anajiona yuko sawa. Anayejua ni mzazi. Mwambie baba yake amsindikize wiki moja mpaka mlango wa darasa, na sweta ivaliwe.

Hata sisi huku pwani upepo wa kusi ukikaza tunatafuta makoti, sembuse nyie wa huko juu. Na hayo maneno ya kuzoea siyapendi. Sisi tulikwenda shule miguu mitupu na kishati kimoja kwa sababu hakukuwa na kingine. Hakuna aliyechagua. Wapo wenzetu waliokufa kwa vichomi tukiwa darasa moja, na hao hawakuzoea.


Binti Tandahimba
Alhamisi, saa 1 asubuhi

Dada yangu pole. Kwanza fimbo uziache. Sikusemi kwa ubaya, mimi mwenyewe nilipita njia hiyohiyo na binti yangu wa miaka 8 na haikunisaidia kitu.

Wangu alikuwa anakataa kwa sababu sweta ikivaliwa juu ya shati na mtandio ukashuka juu yake, shingoni panakuwa na furushi. Akiandika kichwa hakigeuki. Mimi nilikuwa namwona mzembe kumbe mtoto anabanwa. Nilichofanya nilimtafutia fulana mbili za pamba za kuvaa ndani ya shati, zile za mikono mirefu za mtumba, shilingi 1,000 kila moja. Haionekani na mtu, haimkabi, na hakuna wa kumcheka. Sweta anavaa siku za ukungu mzito tu.

Uliza pia kama hiyo bluu ya sweta yake inafanana na ya wenzake. Kuna rangi za bluu na bluu, na watoto wanaona tofauti ambayo sisi hatuioni.


Mwalimu wa Uwandani, Newala
Alhamisi, saa 8 mchana

Mama Somoe, shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Mimi nafundisha darasa la tatu na la nne, si mbali na huko uliko, na haya ninayaona kila asubuhi.

Darasani kwangu leo nilihesabu. Watoto 61, wenye sweta 19. Wasiokuwa nayo wengi wao si kwamba wamechagua. Nguo za shule huku kwetu zinanunuliwa mwezi wa kwanza, pesa ya korosho ikiwa bado ipo mkononi. Mwezi wa kwanza ni mvua na joto, hakuna anayekumbuka sweta. Ikifika mwezi wa saba baridi imekuja, pesa imekwisha, na kilichobaki kimekwenda kwenye palizi na kazi ya kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Hata aliyenunua mapema, mtoto amekua, mikono ya sweta imeishia kwenye viwiko. Ndiyo maana kila mwaka nawaambia wazazi kwenye kikao, ukinunua sweta ya mwezi wa kwanza nunua kubwa ya kukunja.

Lakini wapo kama wako, wanazo na hawazivai. Angalia asubuhi yao ilivyo. Wanatoka nyumbani gizagiza, wengi wamebeba dumu la maji la lita 5 la shule. Wanapanda na kushuka, wanafika wametoka jasho. Halafu kuna usafi wa mazingira, kuna mchakamchaka. Mtoto wa namna hiyo hasikii baridi kabisa, ukimvalisha sweta anaona unamchemsha. Baridi inakuja baadaye, saa 2 na nusu hivi, amekaa kwenye dawati, sakafu ya saruji, madirisha ni nondo bila vioo, na shati limelowa mgongoni. Hapo ndipo ninawaona wanajikunyata na mwandiko unaharibika. Mtoto ambaye vidole vimekufa ganzi hawezi kushika penseli, na darasa la nne wana upimaji wa taifa mwishoni mwa mwaka.

Kwa hiyo mimi simwangalii mtoto anavaa nini barabarani. Namwangalia anavaa nini akishakaa. Kwangu ruksa kuvua njiani, ila kengele ya kuingia darasani ikigonga, mwenye sweta aitoe kwenye begi avae. Rangi siisemeshi mwezi wa saba. Ikiwa nyekundu na iwe nyekundu.


Tabibu wa Nachingwea
Alhamisi, saa 2 usiku

Mama Somoe, mwalimu amenirahisishia kazi. Naongeza ya upande wangu, nitajaribu nisichoshe.

Baridi peke yake haizai mafua wala nimonia. Mafua yanaletwa na virusi, nimonia inaletwa na bakteria au virusi, na mtoto anavipata kwa mtu, si kwa ukungu. Msimu wa baridi vinaenea zaidi kwa sababu tunalala tumejifungia na kusongamana, na vipo virusi vinavyostawi vizuri pua ikiwa baridi. Kwa hiyo bibi yake hajakosea moja kwa moja kuuogopa msimu huu. Mtoto wako kama alimaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ile ya kuzuia nimonia anayo, maana Tanzania ilishaanza kuitoa alipozaliwa. Inapunguza hatari, haiimalizi.

Kuhusu nguo. Mtoto anayetembea na mzigo mwili wake unazalisha joto jingi, na akikwambia anasikia joto, msadiki. Hatari ni jasho likishalowesha nguo na yeye akaacha kutembea. Maji yanachukua joto mwilini haraka kuliko hewa kwa takriban mara 25, ndiyo maana shati lililolowa ni baya kuliko kutokuwa na sweta. Fulana ya ndani aliyoisema Binti Tandahimba ni ushauri mzuri, hasa ikiwa mtoto atavua ile iliyolowa akifika. Ukitaka kujua kama mtoto ana baridi usimshike vidole. Vidole na masikio hupoa kwanza, havikwambii kitu. Tia mkono nyuma ya shingo, ndani ya kola. Pakiwa na joto na pakavu, yuko salama. Pakiwa na jasho, nguo zimezidi. Pakiwa baridi, mwongeze.

Wapo watoto ambao kwao hakuna cha kuchagua, na hili nalisema kwa msisitizo. Mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, asipigwe na baridi hata kidogo. Baridi inabana mishipa midogo ya damu, zile chembe za damu zilizojikunja zinakwama, na maumivu yanaanza. Nchi yetu inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengine wanafika shule ya msingi bila kupimwa. Mtoto anayelia viungo kila kipupwe, vidole au miguu, apelekwe akapimwe kwanza, mambo ya ukaidi yafuate baadaye. Mwenye pumu naye vilevile, hewa ya baridi inambana kifua.

Sasa kikohozi. Kikavu, alfajiri na usiku, hana homa, anakula. Mama, naomba unijibu mambo matatu. Huko kwenu mmeshaanza kupuliza salfa, na njia ya shule inapita katikati ya mikorosho? Mtoto anapikiwa na kulala chumba kimoja na moshi? Na la tatu, hiyo sweta inapokuwa haivaliwi, inatundikwa wapi?

Nauliza hili la tatu kwa sababu kila mwaka mwezi wa sita hadi wa nane napokea watoto wenye vipele shingoni na kwenye makwapa. Wazazi wengi wanaihifadhi mifuko ya salfa ndani, chumba cha kulala, wakiogopa wezi. Unga ule haubaki kwenye mfuko.

Mkiona anapumua harakaharaka akiwa amekaa tu, au mbavu zinabonyea akivuta pumzi, au anashindwa kunywa, msisubiri majibu ya hapa. Mpelekeni usiku huohuo.


Mama Somoe
Jumamosi, saa 10 jioni

Shikamoo Mzee wa Shangani, shikamooni wote mnaostahili. Samahani kwa kukaa kimya. Nilisoma majibu yote juzi usiku na lile swali la tatu la tabibu lilininyima usingizi.

Nianze na jana asubuhi. Nilimwacha mwanangu atoke, nikahesabu kidogo, nikamfuata kwa nyuma bila yeye kujua. Alikuwa na dumu la lita 5 mkono wa kulia na begi mgongoni. Kuna mwinuko mrefu wa mchanga kabla ya njia panda, ule mchanga wetu mwekundu unaomeza mguu. Alibadilisha dumu mkono mara nne, niliona kila mara. Kwenye mwembe aliliweka chini, akavua sweta. Nilikuwa nimejiandaa kutoka na kumkaripia. Lakini nilimwona anavyoikunja. Aliiweka juu ya goti, akarudisha mikono ndani, akaikunja mara mbili na kuilainisha kwa kiganja, kama ninavyokunja mimi kanga za kwendea shughulini. Mtoto anayedharau kitu hakikunji namna ile. Nilirudi nyumbani bila kumwita.

Nikaenda moja kwa moja chumbani kwao. Msumari wa sweta uko nyuma ya mlango. Na chini ya msumari, tumepanga mifuko minne ya salfa ya kilo 25, mmoja umeshafunguliwa na umefungwa juu kwa kamba ya katani. Mashine ya kupulizia imeegemea palepale. Kila siku napita, kila siku nafagia, sikuwahi kuviona kwa pamoja.

Aliporudi mchana niliichukua ile sweta nikatoka nayo uani penye jua, nikaikung'uta mara moja tu. Ulitoka unga wa njano mwembamba ukasimama hewani kama vumbi la unga wa kinu. Kwenye kola, zile nyuzi zilizofumwa, ukizivuta kwa vidole unaona umanjano umelala ndani. Nilipoipitisha shavuni ile siku shavu langu lilikuwa kavu, ndiyo maana sikusikia kitu. Basi nikaizungusha shingoni kwangu, nikabeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani mpaka nyumbani. Sikufika mbali. Jasho lilipoanza tu, shingo ikaanza kuchoma, mchomo wa pilipili, na ukikuna ndiyo unaongeza. Nilifika nyumbani nimeshaivua.

Nikamwita nikamuuliza tena, safari hii nimekaa chini naye kwenye mkeka. Nikamwambia, hebu nieleze inawasha vipi. Akasema, "Nikiwa nimetulia haiwashi. Nikitoka jasho ndiyo inawasha." Nikamwangalia shingoni, kuna vipele vidogovidogo mpaka nyuma ya masikio, nami nilikuwa nadhani ni vya joto. Jibu alikuwa nalo siku zote hizi. Mimi niliishia kwenye neno la kwanza.

Nimjibu tabibu. Ndiyo, tumeanza kupuliza. Huu ukungu na umande ndio unaotuletea ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, kwenye maua, na wataalamu wametufundisha tupulize alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungalipo, unga unate. Saa hiyohiyo ndiyo watoto wanapita kwenda shule. Njia inakata katikati ya shamba letu na la jirani, na asubuhi kama tatu kwa wiki wanapita kwenye wingu lile. Kikohozi kimeanza siku moja baada ya sisi kuanza kupuliza, nimehesabu kwa vidole na baba yake amekubali. Moshi, jiko letu liko nje, hawalali nalo.

Baba yake anataka mifuko tuihamishie jikoni kwa kuwa kule kuna kufuli. Naomba mniambie kama ni sawa.


Tabibu wa Nachingwea
Jumamosi, saa 11 jioni

Jikoni hapana, tafadhali sana. Salfa inashika moto, na ikiungua inatoa moshi unaoziba pumzi kabisa. Itafutieni banda kavu, mbali na moto na mbali na nafaka, juu ya mbao isiguse chini.

Sweta ifue peke yake kwa sabuni na maji mengi, suuza mara mbili tatu, usiichanganye na nguo za mdogo. Shati na kaptula navyo vipitie upya. Vipele vitapungua vyenyewe vikiacha kuguswa na unga. Kikohozi bado nataka asikilizwe kifua, nenda zahanati Jumatatu. Kukosa homa ni dalili nzuri ila si ruhusa ya kukaa nyumbani. Na anayepuliza, baba yake au yeyote, afunge pua na mdomo, aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.


Kijana wa Masasi, Makete
Jumapili, saa 2 asubuhi

Mama Somoe nimekusoma mpaka mwisho, hongera kwa kumfuata mtoto nyuma badala ya kumfuata na fimbo.

Mimi ni mtu wa Masasi, kazi imenileta Makete, mkoa wa Njombe. Huku mwezi wa saba kuna asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi. Kilichonishangaza nilipofika ni kwamba hata huku watoto wanavua masweta njiani. Wanayafunga kiunoni wanapanda mlima. Wazazi wa huku hawagombi. Wanachogombea ni mtoto kukaa na nguo mbichi. Shuleni kwetu kuna kamba imefungwa nyuma ya darasa, mtoto akifika amelowa anaanika, anavaa kavu aliyokuja nayo kwenye begi. Kamba ya shilingi 500. Mwalimu wa Uwandani, huenda ikakufaa.


Mwalimu wa Uwandani
Jumapili, saa 8 mchana

Kamba nimeichukua, kesho naifunga. Na hili la salfa nalipeleka kwa mwalimu mkuu. Tuna watoto wengi wanaokohoa mwezi huu, na sote tulikuwa tunasema baridi.


Mzee wa Shangani
Jumapili, saa 9 alasiri

Binti yangu, nilisema asindikizwe akavalishwe kwa nguvu. Ningekuwa karibu ningekushauri vibaya. Nimelifuta kwangu.


Mama Somoe
Alhamisi, saa 3 usiku

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa majibu, maana mmetumia muda wenu kwa mtoto msiyemjua.

Jumatatu tulikwenda zahanati. Kifua kimesikilizwa, kiko safi, hakupewa dawa ya kumeza, tuliambiwa tumtoe kwenye vumbi na tumrudishe kikizidi. Usiku wa jana alikohoa mara mbili tu. Mwanzoni nilikuwa siwezi kuhesabu.

Mifuko tumeihamisha kwenye banda lililokuwa la mbuzi, baba yake amegongelea mbao mpya na kufuli. Alikwenda pia kwa jirani, wakazungumza kiume, wakakubaliana. Siku za shule wanaanza na upande wa mbali na njia, na upande wa njia wanaupuliza Jumamosi. Jirani alisema hata wake wanakohoa, alidhani ni kipupwe. Mama mkwe bado hajakubali kwamba baridi haina hatia, lakini juzi nilimwona anakung'uta nguo za wajukuu mlangoni kabla ya kuziingiza ndani.

Sweta niliifua mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka na utando wa njano juu, nikamwita mwanangu aje aone. Aliangalia tu. Nikamwambia, baba, ulisema kweli na mimi sikukusikia, na zile fimbo mbili nisamehe. Kwetu si kawaida mzazi kumwambia mtoto hivyo na sikujua atajibu nini. Alichovya kidole kwenye yale maji, akakinusa, akaniambia, "Na ya dada nayo uifue."

Ya dada yake nimeifua pia.

Mpaka leo anaivua kwenye mwembe. Nimeacha kupigana na hilo. Ndani ya shati ana fulana ya pamba, sweta inakaa begini ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu dumu linavuja kifuniko, na akifika darasani anavaa. Mama wa vitumbua ameniambia leo kwamba mwanangu ameanza kumfundisha na mwenzake anayebeba dumu naye, wanaweka madumu chini, wanavua pamoja, wanakunja, wanaendelea kupanda. Jioni hii ameniuliza kama fulana ya ndani anaweza kulala nayo. Nimemwambia alale nayo, kesho nitamtafutia ya pili.